Kijiko cha Salfa

Kila alfajiri kabla ya kwenda shule, Rahima alimbebea baba yake mfuko wa salfa, dawa ya unga ya kukinga mikorosho na ukungu, hadi shambani kwao Kitangari. Mzee Lukmani alipulizia mikorosho kwa bomba kungali na umande na upepo haujaanza, ili unga ule ushike kwenye maua. Ilikuwa miaka ya soko huria. Mwenye gari yeyote alileta salfa, na wakulima waliichagua kwa macho tu: ikiwa ya njano, basi ni nzuri.

Baada ya wiki mbili maua yalifunikwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoyakausha. Mzee Lukmani alilitupa bomba chini.

"Ni wewe!" alimfokea Rahima. "Umeacha mfuko wazi ukaingia umande. Tukikosa korosho tutakula nini? Kuanzia kesho shule basi, utashika jembe!"

"Baba, niliufunga vizuri!"

"Nyamaza!"

Rahima alikasirika sana. Kusingiziwa kunauma kuliko kiboko. Alichota kijiko kimoja cha salfa ile, na kingine cha salfa iliyobaki mwaka jana, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Isaka, aliyewafundisha sayansi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona umevimba hivyo?"

"Ulituambia salfa safi ikiungua haibakizi kitu. Nataka nione."

Waliiwasha uwanjani, upepo ukiwapiga mgongoni. Ya mwaka jana iliyeyuka, ikawaka moto wa buluu wenye moshi wa kukaba koo, kijiko kikabaki kitupu. Ya mwaka huu ilizimika upesi, ikaacha rundo jeupe.

"Hii imechanganywa na kitu kama chokaa!" Mwalimu alifoka. "Twende kwa aliyewauzia."

Walimpitia Mzee Lukmani, wakamkuta muuzaji, Kasiani, amezungukwa na wateja bandani kwake.

"Siku hizi watoto wa shule ndio wanatufundisha biashara?" Kasiani alicheka.

"Washa, mwanangu, tuone," alisema Mama Pili, jirani yao, huku amekunja uso.

Rahima alichota kutoka kwenye mfuko mpya, akawasha. Rundo jeupe likabaki tena. Watu walipandwa na hasira, na kama si mwenyekiti wa kijiji kuwazuia, Kasiani angepigwa. Aliamriwa kuleta salfa nyingine siku ileile, na hakuna mfuko uliopokelewa kabla Rahima hajachoma kijiko kimoja cha salfa yake. Maua ya mwanzo yalikuwa yameshakauka, lakini yaliyochanua baadaye yalipona.

Siku ile, palepale bandani, Mzee Lukmani alisimama mbele ya wote.

"Nisamehe, Rahima. Nilikuonea. Shule utaendelea nayo."

Mwalimu Isaka, bado amekasirika, aliwageukia wanafunzi waliokuwa wamefuata kelele na kujazana pale.

"Mnakariri sayansi ili mfaulu mtihani, kisha mnaiacha darasani! Wakulima wanadanganywa hivi kila pembe ya dunia. Itoeni nje, iwatetee wazazi wenu na wa wenzenu. Mkiifungia kwenye daftari, wataendelea kupulizia chokaa na kuwafokea wasio na kosa."