Bakuli la Koko Anastasie

Kila alipotoka shuleni, Nadège alivua sare, akachagua maharage na kuwasha makaa kwenye mbabula kabla mama yake, Denise, hajarudi kutoka sokoni. Walipanga chumba huko Shari, mjini Bunia, pamoja na Koko Anastasie, mama mzazi wa Denise. Watu walisema sasa kuna amani. Amani gani, ikiwa ndugu waliokimbia vita huko Djugu bado walibisha mlangoni na magodoro kichwani?

Koko alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kidole kimoja cha mguu kilikuwa kimekwisha katwa, na kidonda kingine kilikuwa kimeanza kunuka. Bénédicte, muuguzi wa kituo cha afya, alipima damu yake akatikisa kichwa, kisha akamwuliza anakula nini. Koko akajibu kwa majivuno kwamba chai yake haina hata punje ya sukari.

"Mama, sukari haiko mu chai tu," muuguzi alisema. "Bugali ya muhogo, ukikula mingi, inageuka sukari mu damu mbio. Maharagi, mayai na samaki haipandishake sukari sana vile."

Alieleza kwamba vyakula hivyo vina protini. Vikiliwa pamoja na mboga na bugali kidogo, sukari hupanda polepole, na mwili hupata cha kujenga nyama ya kidonda. Hata hivyo havichukui nafasi ya vidonge. Sukari isiposhuka, aliwaonya, mguu wote utakatwa.

Basi Denise akamwagiza Nadège ampakulie Koko maharage na donge dogo la bugali. Ungedhani ni jambo rahisi. Lakini Koko alilelewa akijua kwamba kitoweo ni cha mgeni kwanza, na mwenye nyumba hula kinachobaki. Nao wageni hawakukosekana. Binamu yake Fulgence alikuwa amefika na watoto wake kutoka upande wa Kilo, huko Djugu, nyumba yao imechomwa moto. Kila bakuli la maharage lilipowekwa mbele ya Koko, alilisukuma kwa wageni, akajishibisha kwa bugali na chumvi.

"Kutoa ni moyo," alisema.

Nadège aliona haya kumpinga mzee. Mama alipouliza kama Koko amekula, alijibu kwamba amekula. Ni kweli, alikuwa amekula. Uongo mwingine huvaa nguo za ukweli.

Waliporudi kupimwa, sukari ilikuwa imepanda zaidi na uvimbe umefika kwenye kifundo cha mguu. Muuguzi alisema hali ikibaki hivyo, atawapeleka hospitali mguu ukatwe. Denise alilia mbele ya watu. Nadège alisimama kando yake akijichukia.

Jioni hiyo aliweka maharage na yai mbele ya Koko kabla ya kumpakulia mtu mwingine yeyote. Koko akalisukuma bakuli. Nadège akalishika kwa mikono miwili.

"Koko, hii iko chakula yako. Kila siku unapatia wageni, weye unakula bugali tupu. Na miye nilimudanganya mama."

Denise alimtazama binti yake kwa uchungu. Koko alikasirika, akasema mtoto huyu amemwaibisha mbele ya wageni. Ndipo Fulgence, ambaye tangu afike alikuwa mtu wa maneno machache, akarudisha tonge lake kwenye sahani.

"Dada, kule nilizika watu," alisema. "Sikukimbilia hapa nikuje kukula muguu yako."

Koko akainamisha kichwa, akala. Machozi yalimdondoka, naye hakuyafuta.

Baadaye Denise alimwita Nadège kando. Hakumpiga. Alimwambia, "Heshima haiko kunyamaza. Ukiona mutu anajiumiza kwa wema wake, sema, hata kama iko muzee."

Majuma yalipita. Fulgence alipata kibarua cha kufyatua matofali, na siku nyingine alirudi na samaki wadogo wa ziwani. Sukari ya Koko ilishuka, uvimbe ukapungua na kidonda kikaanza kukauka. Mguu ulibaki, ingawa kidole kilichokatwa hakikurudi.

Wakimbizi wengine wakabisha mlangoni. Koko aliwakaribisha, akawakatia bugali yake zaidi ya nusu. Bakuli la maharage alilishika kwa mikono miwili, akala.