Rupia Iliyovuta Mchele

Kila alasiri, akitoka shule, Anonciata alipitia kwa Bibi Nyirabageni kumenya ndizi. Bibi alikuwa mjane wa pale pale kijijini Chonyonyo, na macho yake yalikuwa yamefifia. Utomvu ulimganda Anonciata vidoleni, ukawa mweusi usiotoka kwa sabuni, na wenzake wa darasa la sita walimtania kwamba ana mikono ya bibi kizee.

Siku moja, mwaka 1991, Bibi alifungua fundo la kitenge akatoa rupia ya Mjerumani, sarafu ya kale yenye tundu dogo pembeni.

"Nilivishwa shingoni nikiwa mtoto," alisema. "Jumapili naitoa sadaka. Nikizikwa nayo itanisaidia nini?"

Anonciata aliipokea kwa vidole vile vile vya utomvu. Ikamponyoka, ikaangukia kwenye ungo wa mchele uliokuwa kando. Alipoiinua, punje sita zilikuwa zimeing'ang'ania. Moyo ulimruka! Siku hizo habari ilikuwa imeenea kila soko kwamba rupia inayovuta mchele hununuliwa na matajiri kwa malaki ya shilingi. Kisha akaitazama vizuri. Ulikuwa utomvu tu. Aliifuta kwa jani, akaitia tena kwenye ungo, na haikuvuta hata pumba.

Mambo yangeishia hapo kama angekuwa na ulimi mzito. Kesho yake kisimani, wenzake walipoanza tena kumcheka, alijibu kwa sauti, "Chekeni! Mikono hii imeshika rupia ya Bibi Nyirabageni inayovuta mchele. Nimeona kwa macho yangu!"

Kicheko kilikatika. Siku hiyo walimpisha achote maji wa kwanza. Alifurahi, maskini, asijue kwamba uongo hauhitaji baiskeli kufika mbali.

Jumapili, baada ya misa, sadaka za vitu zilinadiwa uwanjani kama kawaida: kuku, mayai, mkungu wa ndizi. Ilipoinuliwa rupia, watu walisogea. Anonciata alidhani itauzwa shilingi mia mbili.

"Elfu moja!" ilisikika sauti. Ilikuwa ya baba yake, Theoneste.

Mfukoni mwa koti Baba alikuwa na fedha za kahawa, ambazo hakuthubutu kuziacha nyumbani kwa kuogopa wezi. Zilikuwa ada ya Adelgunda, dada yake Anonciata, mtoto wa kwanza katika ukoo wao kufaulu kwenda sekondari. Zilikuwa zimebaki siku kumi tu aripoti shuleni.

"Elfu mbili!" alisema jirani yao, Ildefonsi, mwenye nyumba ya matofali.

"Elfu tatu!"

Bei ilipanda na sauti zikapanda nayo. Anonciata alimshika Baba mkono. "Baba..."

"Nyamaza, mwanangu. Leo umaskini tunauaga."

Anonciata aliinua macho, akawaona wasichana wa kisimani wakimtazama. Aliona aibu. Akauachia mkono wa Baba.

"Elfu nane!" alipaza Baba. Ildefonsi alicheka, akatikisa kichwa na kurudi nyuma. Watu wakapiga makofi.

Jumanne Baba na Anonciata walipanda lori hadi Nkwenda, kwa Mzee Abdulghani, mwenye duka ambaye babu yake alitoka pwani. Alijulikana kwa kununua fedha za kale.

"Shikamoo, mzee," alisema Baba.

"Marahaba. Karibuni." Alivaa miwani, akaigeuzageuza rupia. "Ni ya kweli, usihofu. Lakini hizi zimejaa masandukuni mwa watu. Wanaozikusanya huzipanga kwa madaraja, kama mnavyopanga kahawa. Ya daraja la kwanza haijachakaa, kila herufi inasomeka. Hii imetobolewa na sura imefutika. Nikikupa mia tano, nimekupendelea."

"Lakini inavuta mchele!"

Mzee Abdulghani alishusha pumzi. Alimwita mkewe, Zuleha, alete bakuli la mchele. Baba aliitumbukiza rupia, akaitoa tupu. Akarudia. Mara ya tatu aliizungusha hadi chini ya bakuli, ikatoka tupu vilevile.

"Nani alikuambia inavuta?" aliuliza mzee kwa upole.

"Kijiji kizima kinasema."

"Ni mimi, Baba," alisema Anonciata. Akaeleza yote, utomvu, kisimani na kicheko, huku akilia hadi kwikwi.

Baba hakumpiga. Alimuuliza jambo moja tu. "Uliponishika mkono pale mnadani, ndilo ulilotaka kuniambia?"

"Ndiyo, Baba."

"Na ukanyamaza."

Neno hilo lilimuuma kuliko kiboko.

Ili Adelgunda asikose nafasi yake, ilibidi auzwe Gaju, ng'ombe wao wa pekee. Gaju hakukubali kuongozwa na mgeni. Alimfuata Anonciata tu. Basi ni Anonciata aliyemshika kamba, Baba akifuata nyuma, kutoka Chonyonyo hadi kwa mnunuzi kule Ndama. Walipofika zizini, Gaju alimlamba viganja kama kila siku, akaingia bila wasiwasi. Alimwamini. Anonciata alilia njia nzima ya kurudi.

"Mwanangu," alisema Baba, kamba tupu ikiwa begani, "kosa si lako peke yako. Mimi nilitaka kuvuna nisipopanda, nikanunua maneno ya watu bila kuyapima. Lakini jifunze. Uongo wako ulikuwa mdogo kama punje ya mchele, na ulipata nafasi ya kuusahihisha kwa neno moja. Ukweli usemwe mapema, mama, hata ukiaibisha. Ukichelewa, aibu haikupati wewe tu, wenzako nao wanalipa."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe."

Adelgunda aliondoka siku iliyopangwa, na sanduku lake la bati kichwani. Jioni ile Fidele, kitindamimba wao wa miaka mitatu, alimjia Anonciata na kikombe chake.

"Dada, maziwa."

Angeweza kumwambia Gaju ameenda malishoni, naye mtoto angeamini. Alichuchumaa, akamshika mikono kwa vidole vyake vyeusi.

"Hakuna maziwa, Fidele. Gaju hayupo tena. Nilisema uongo, ndiyo maana tumemuuza."

Fidele alimtazama, akachungulia ndani ya kikombe, kisha akamnyooshea tena.