Upepo Aliousema Vibaya Bi Minegishi

Baridi ya Kanazawa, huko Japani, haina adabu. Inaingia bila hodi. Tazuko Minegishi, mwandishi wa riwaya na insha, alichoshwa nayo. Akaandika gazetini insha nzima ya kuusema vibaya upepo uliopenya nyumbani kwake. Mtaa mzima ulicheka, hata muuza samaki.

Mumewe, Eikichi, hakucheka. Alichukua karatasi na gundi, akaziba kila upenyo wa chumba cha kuandikia. "Haya, andika sasa. Ukilalamika tena, nitaziba na mdomo wako."

Tazuko alifurahi. Alifunga mlango, akaweka jiko la makaa karibu na magoti, akaanza sura ya mwisho ya riwaya yake. Lakini kila alipoketi humo kichwa kilimgonga, na tumbo likachafuka. Maneno yalimkimbia. Aliogopa sana, maana kuandika ndiyo kazi pekee aliyoijua.

"Riwaya imenishinda, mwenzangu. Labda nimekwisha."

"Umekwisha wapi? Ni baridi hiyo," alisema Eikichi, akaongeza makaa.

Alasiri moja alimpelekea chai, akamkuta ameangukia karatasi zake, haitiki. Alimburuta hadi nje, akamwita jirani yao, muuguzi Sawako Nakagome. Hewa safi ilipompata, Tazuko alitapika, kisha akafumbua macho.

"Nani kaziba chumba kile?" aliuliza Sawako.

"Mimi. Nilitaka apate joto."

"Makaa yana hewa ya sumu, kaka. Haina rangi wala harufu. Hata yakiwa mekundu bila moshi, sumu ipo. Ukiwasha jiko ndani, acha wazi pande mbili, hewa ipite. Usilale nalo. Kichwa kikiuma, toka nje upesi." Akamgeukia Tazuko. "Upepo ule ndio uliokuwa unakutunza, Bi Minegishi. Sasa twende hospitali."

Siku hiyohiyo Eikichi alibandua karatasi zote, huku machozi yakimtoka. Tazuko alirudi akiwa mzima. Alivaa makoti mawili, akaandika, na maneno yakarudi. Riwaya ikaisha kabla theluji haijayeyuka.

Insha yake iliyofuata ilianza hivi: "Upepo, nisamehe. Karibu ndani, wala usibishe hodi." Chini yake aliandika yote aliyofundishwa na Sawako.

Muuza samaki aliisoma kwa sauti mbele ya wateja. Alipomaliza, aliinuka akafungua dirisha lake.