Saa ya Mshale Mmoja

Kitu cha kwanza Mwajuma alichompa Hashimu kilikuwa maumivu. Soko la Mtwara lilikuwa limefurika, watu wanakanyagana kati ya mihogo na mitumba, naye amevaa dera la zambarau, mtandio umemponyoka kichwani, amekumbatia kitu kikubwa kilichofungwa kanga. Mbele ya kibanda cha fundi saa, pande zito la madini ya risasi likachomoka kwenye ule mzigo na kutua juu ya kidole gumba cha mguu wa Hashimu.

"Samahani, kaka'ngu."

"Dada, umebeba nini, nanga?"

"Saa ya ukutani ya bibi yangu, na hilo ndilo pande linaloivuta. Imesimama, na huyu fundi hataki hata kuigusa."

Hashimu alikuwa fundi mitambo bandarini, na mashine iliyosimama ilimkosesha raha. Akafunua kanga. Uso wa shaba usio na kioo, umenakshiwa maua, na katikati jina la fundi wa Kiingereza, Amos Tarrant, na la kijiji chake, Wickenholt. Mwingereza mmoja aliyehama Mikindani zamani ndiye aliyemwachia baba wa bibi. Mtaalamu wa mambo ya kale aliwahi kupita akasema ina zaidi ya miaka mia tatu, na kwamba hata huko kwao zimebaki chache.

"Mshale wa dakika umepotea," Hashimu akasema.

"Haujapotea, haukuwepo tangu iundwe. Saa ni chafu tu, isafishe."

Angemsikiliza, nisingekuwa na hadithi.

Saa ikaenda Rahaleo, chumbani kwa Hashimu, na mapenzi yakaanza. Simu asubuhi, simu mchana, kipenzi umekula, kipenzi umelala. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, nao ulijirudia kila walipokutana Shangani.

"Tulisema saa kumi, mpenzi."

"Na sasa ni saa kumi."

"Kumi na dakika arobaini, Mwajuma. Soda yangu imepata moto."

"Mshale ukishagusa kumi, ni kumi mpaka ufike kumi na moja. Kwetu ndivyo tulivyolelewa."

"Basi mimi nitazeekea hapa."

"Zeeka tu. Mvi nitakupaka hina."

Alipomwambia anataka kumuoa, Mwajuma alicheka kwanza. "Nakutaka, Hashimu. Lakini bibi haoni, na mimi nashinda mjini nashona. Nikiolewa, nitakuwa mbali naye hata usiku. Siondoki mpaka nijue anajiweza mwenyewe."

Hashimu akaitikia, akarudi kwenye saa yake. Alisikia kabisa kwamba bibi haoni, ila hakujiuliza mtu asiyeona anaitakia nini saa. Akachonga mshale wa pili kwa shaba, mrefu, mzuri, akaongeza na vigurudumu vya kuuzungusha. Zawadi ya uchumba. Wanaume wenye mikono myepesi wananichosha.

Akaitundika mwenyewe nyumbani kwao Mwajuma, Mikindani, Mwajuma akiwa kazini. Bibi yake, Bi Hawa, aliposikia inagonga alimshika mkono akamwita mume wangu, na Hashimu akaondoka anapiga mluzi. Simu ikaja kesho yake jioni.

"Umefanya nini kwenye saa?"

"Umeuona? Nimeuchonga mwenyewe, nilitaka uwe—"

"Bibi anasoma saa kwa vidole. Kwa vidole, unanielewa? Amekuta mishale miwili, ameshika usio wake, amerudia dawa ya presha kabla ya wakati. Jirani yetu Upendo kamkuta sakafuni, kichwa kinamzunguka."

"Mwajuma, sikujua."

"Nilikwambia ni chafu tu. Mikono unayo, masikio huna."

Akakata. Akachukua koleo akaung'oa ule mshale kwa hasira, na saa ikakwaruza ndani, ikasimama. Sasa bibi hakuwa hata na ile saa mbovu.

Kilichofuata kilikuwa kero tupu. Hashimu alipiga, Mwajuma akaigeuza simu kifudifudi. Hashimu akaja mlangoni, akaambiwa asiguse tena kitu cha nyumba ile. Cherehani ikawa inakata uzi kila mara, wateja wakalalamika, na usiku Mwajuma alimkasirikia Hashimu kwa alichofanya, akajikasirikia mwenyewe kwa kumkumbuka. Ndoa haipo, saa haipo, na bibi kila siku anamwacha kwa wasiwasi. Cha ajabu, bibi alikuwa sawa. Dawa kwa wakati, chakula kwa wakati. Mwajuma alidhani Upendo ndiye anayepita kumwangalia, akamwombea heri.

Mpaka siku aliyoamka na homa, akabaki nyumbani. Bibi alikuwa uani anatawadha, na kile kisimu chake kidogo kikaita juu ya kitanda. Mwajuma akapokea, hajasema neno.

"Bibi, saa saba hiyo," sauti ikasema, huku nyuma winchi inanguruma. "Kula kwanza ndipo unywe dawa. Saa nane nitapiga tena."

Machozi yakamtoka, na hasira nazo bado zipo.

"Saa saba na dakika ngapi?" akauliza.

Winchi ikanguruma upande wa pili.

"Saba tu, Mwajuma," Hashimu akasema.

Bibi akaingia anapapasa ukuta, mikono inachuruzika maji. "Hiyo ni saa yangu? Alikuja kuniomba radhi ukiwa kazini. Nikamwambia radhi haitaniambia saa. Ndiyo akaanza kupiga, kila saa, hakosi."

"Na wewe bibi hukuniambia."

"Ungeizima na hiyo." Akakaa kitandani, akainua sauti ili simu isikie. "Mwambie saa ya ukutani hukaa ndani ya nyumba. Na vyumba viwili humu havina mtu. Alete washenga, ahamie, aache kumaliza salio."

Mwajuma akafuta uso kwa upindo wa kanga. "Umemsikia?"

"Nimemsikia. Nije leo nizungumze naye? Saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Kumi na..."

"Kumi, Hashimu. Ukitaja dakika nakata simu."