Jogoo Aliyeshonwa kwenye Mfuko wa Tableti

Kwii, kwii. Kabla hakujapambazuka, kamba ya bembea ililia gizani, na mimi niliyekuwa nikimnyonyesha mwanangu nikajua kuwa Yarisel ameamka. Huyo ni binti wa dada yangu, Briseida. Bembea tunazolalia zimening'inia kandokando chini ya paa moja, kwa hiyo hapa nyumbani hageuki mtu mwenzake asijue. Kila alfajiri mtoto yule hushusha kapu kutoka kwenye boriti, akatoa tableti aliyopewa na shule, akasoma kwa sauti ya chini huku akijibembeza, uso wake ukipata mwanga wa buluu. Mama yetu amezoea kusema, "Nyumba hii ina mwezi wake yenyewe."

Basi alfajiri hiyo nilisikia kapu likishuka, kisha mkono ukipapasa ndani.

"Mama," Yarisel akasema, "haimo tena."

Briseida akanyoosha mkono gizani. Bembea ya mumewe, Eligio, ilikuwa tupu.

Ndugu zangu wa kisiwani, hamhitaji kuambiwa alikokuwa. Alikuwa nyuma ya duka, pale wanaume wanapokutana kutazama kwenye kioo cha televisheni majogoo wakipigana huko bara, na kuweka dau kwa simu zao kwa kila pigano. Mnapajua, kwa kuwa waume zenu wengi walikuwa hapohapo naye.

Na msidhani Eligio alikuwa mtu mbaya. Alipokuja kuoa kwetu, na bembea yake begani kama inavyotaka desturi yetu ya mume kuhamia kwa mke, alimlimia mama mkwe wake shamba la ndizi ng'ambo ya maji, akavua samaki, akamtembeza binti yao Yarisel mabegani mpaka gatini. Kisha majogoo wakamwingia kichwani. Simu yake ilipodondoka majini, akaigeukia tableti ya mtoto. Shamba likaota magugu. Mchuzi wetu wa nazi ukawa na ndizi, ukakosa samaki. Yarisel akaenda shuleni bila kazi aliyopewa, leo na kesho na keshokutwa, hadi mwalimu akasema wazi: tableti isiyosomewa itapewa mtoto mwingine muhula ukiisha.

Kulipokucha Eligio alirudi, kofia yake ya unyoya imepinda. Kioo cha tableti kilikuwa na ufa pembeni na kilinuka bia.

"Ni kona tu," alisema. "Bado inawaka."

"Na mtoto je? Naye bado anawaka?" dada akamuuliza.

"Mama Yarisel, usianze. Jogoo wangu alikuwa anashinda, basi tu aliteleza."

"Ajabu, baba. Majogoo wa wenzako wana kucha, wa kwako wamevaa sabuni."

Mama yetu akacheka mpaka akakohoa. Eligio alikunja uso. "Badala ya kunisema, ishonee mfuko isipasuke tena. Si mnajua kushona ninyi?"

Briseida akaipokea tableti. "Nitaishonea. Unataka picha gani?"

"Jogoo," akasema, na uso ukamkunjuka. "Mkubwa, mwekundu. Watu wajue ni ya nani."

"Haya," dada akajibu. "Watajua."

Alianza asubuhi ileile. Aliilaza tableti juu ya kitambaa, akaizungushia alama ya chaki, akaacha nafasi ya upana wa kidole kwa ajili ya mshono. Ndani aliweka kipande cha blanketi kuukuu ili kioo kilale pazuri, na bitana akaikata kutoka kwenye nepi laini ya mwanangu, ambayo nilimpa mwenyewe. Mdomo wa mfuko akautilia kifungo na kitanzi. Hiyo ilikuwa kazi nyepesi. Kazi yenyewe ilikuwa mola ya mbele, ile sanaa yetu tunayoivaa kifuani na mgongoni: kitambaa juu ya kitambaa, cheusi chini, cha manjano katikati, chekundu juu. Unakata cha juu kwa mkasi mdogo, unakunja ukingo kwa ncha ya sindano, unashona kwa mishono isiyoonekana, na rangi ya chini inachungulia.

Kila jioni alishonea katika nyumba ya mkutano, kama tufanyavyo wanawake wote. Kiongozi wa kisiwa alilala katika bembea yake akiimba habari za wahenga, msemaji wake mzee Anelio akitufafanulia, na mlinzi akipiga ukelele mara kwa mara ili watu wasisinzie. Sindano zetu hazikusimama. Jogoo akaanza kutokea, kwanza kishungi, halafu mkia. Eligio aliwavuta wenzake waje kuchungulia.

"Mwoneni jogoo wangu," aliwaambia. "Mke wangu huyo. Ananishonea mwenyewe."

"Na hapa chini, shemeji, pamebaki pekundu patupu," mwenzake mmoja alisema.

"Ni ardhi ya kusimamia jogoo. Utajua wapi wewe."

Wanawake tuliinamisha vichwa. Wasichana wetu hujifunza mapema kwamba katika mola huwezi kuona rangi ya chini mpaka ya juu ikatwe. Wanaume huwaona wake zao wamevaa mola maisha yao yote, na bado hawajui hilo.

Jioni ya mwisho Briseida aliingiza mkasi katika ile ardhi nyekundu. Alikata na kukunja, akashona, wala hakuinua uso. Chini ya kucha za jogoo akatokea mtu amelala chali. Ana kofia yenye unyoya, na kisiwani petu mwenye kofia ya unyoya ni mmoja tu. Kando ya mtu huyo akatokea msichana mdogo amenyoosha mikono, na mikono haina kitu.

Jirani yetu aliona kwanza, akamgusa wa pembeni yake, naye akamgusa wa pembeni. Kicheko kikazunguka mabenchi hadi kikafika upande wa wanaume. Safari hii mlinzi hakuwa na wa kumwamsha.

Mzee Anelio akainua mkono. "Mama Yarisel, simama. Tuonyeshe."

Dada yangu, ambaye hakuwa amewahi kusema mbele ya watu, alisimama akaushika mfuko juu ya kichwa.

"Huyu ni jogoo aliyeombwa na mume wangu," akasema. "Na huyu hapa chini ndiye anayemlisha."

Eligio aliinuka. "Unaniaibisha mbele ya watu."

"Aibu umekuja nayo mwenyewe. Mimi nimeitilia uzi."

"Nitachukua bembea yangu niondoke."

"Ichukue. Kamba nitakufungulia kwa mikono yangu," Briseida akasema. "Lakini tableti inabaki kapuni. Mwanangu hanyang'anywi masomo yake na kuku."

Hakuna aliyecheka tena. Wake wengine walikuwa wakiwatazama waume zao. Mzee Anelio akauliza polepole, "Mola huenda mbili, mbele na nyuma. Nyuma umeshona nini?"

Dada akaugeuza mfuko. Nyuma palikuwa na wekundu mtupu.

"Bado, mzee. Sijajua mwisho wake."

Eligio aliondoka kweli. Alikwenda na bembea yake kwa mama yake, na mama yake, kwa kuwa yeye pia ni mwanamke na anajua kusoma mola, alimwuliza kila asubuhi kama kuku wameshiba. Mvua zilipoanza tulimwona ng'ambo akifyeka magugu katika shamba letu, peke yake. Kisha akaja na samaki, akasimama mlangoni mpaka mama yetu alipomwambia aingie, mchuzi unapoa. Yarisel alikuwa amesoma alfajiri zote hizo. Mwalimu alipopita kukagua tableti, aliutazama mfuko, akaficha tabasamu, akamrudishia mwenyewe.

Sitawadanganya kwamba Eligio amepona. Jioni nyingine namwona akikaa barazani huku miguu yake imeelekea dukani. Na kile kioo nyuma ya duka bado kinawaka kwa ajili ya wengine.

Funzo

Wazazi wenzangu, kamari haianzi kwa kuuza nyumba. Huanza kwa kuazima kitu cha mtoto, kwa sababu mtoto hana nguvu ya kukidai. Atakayekaa kimya ili kulinda heshima ya mume, ajue anailipia heshima hiyo kwa masomo ya mwanawe. Tusinyamaze. Mwenye ulimi aseme, mwenye sindano ashone. Na wewe baba uliyeanguka, mlango haujafungwa. Ingia ukiwa na panga la shamba mkononi.

Juzi jioni Eligio aliuchukua ule mfuko, akapitisha kidole juu ya mtu mwenye kofia, kisha akaugeuza, akautazama ule wekundu mtupu kwa muda mrefu.

"Na huku," akauliza bila kumtazama mtu, "mama yako atanishona vipi?"

Yarisel alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Akaulamba, akaupitisha, akafunga fundo.

"Huku nyuma nitashona mimi."