Magunia Tisa ya Mchanga

Hakuna kilichovunjwa. Kufuli la stoo lilikuwa zima, tanuri halikuguswa, na vigae vilivyokwisha kuchomwa vilikuwa vimepangwa ukutani. Kilichoibwa ni magunia tisa ya mchanga.

Inspekta Damari aliizunguka karakana ile ya Utemini mara mbili. Mwenye karakana, Winfrida, mjamzito wa miezi sita, alimweleza kuwa yeye hagusi mchanga wa mtoni, maana mito imechimbwa vya kutosha. Vigae vyake vya bafuni, na masinki ya choo yanayotumia maji kidogo, hutengenezwa kwa udongo, chupa zilizosagwa na mchanga uliobaki kwenye kazi za watu. Huu ulioibwa uliletwa na dalali aitwaye Amosi, akasema ni masalia ya ujenzi. Ungechomwa siku hiyo, kwa ajili ya vyoo vya zahanati moja Issuna.

Damari aliinama, akaokota mchanga uliomwagika. Ulikuwa laini kama unga, wa kijivu. Mchanga wa ujenzi hauko hivyo. Huu ulikuwa umesagwa kwenye machimbo ya dhahabu. Akapeleka sampuli maabara.

Askari wenzake walisema ni wezi wa dhahabu. Yeye alifikiria kufuli. Ufunguo wa pili ulikuwa kwa Sostenes, mchomaji wa vigae. Akaenda kwake.

Magunia yalikuwa nyuma ya nyumba, yamefunikwa turubai, hayajafunguliwa hata moja. Mwizi wa dhahabu angekuwa ameshaosha mchanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande."

"Nani aliyachukua haya?"

"Mimi."

"Uyauze?"

"Yasiingie kwenye tanuri."

Akanyoosha mikono. Ilikuwa inatetemeka. Alifanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye machimbo ya Sekenke, akikamata dhahabu kwa zebaki iliyomwachia mtetemo huo, na mchanga wa namna hiyo aliujua kwa macho. Ukiuchoma, zebaki hutoka na moshi wenye sumu, na Winfrida hushinda mdomoni mwa tanuri.

"Kwa nini hukumwambia?"

Mzee aliteremsha mikono.

"Amosi ni mkwe wangu, afande. Ningesema, ningekuwa nimemfunga baba wa wajukuu zangu."

Majibu ya maabara yalipotoka, zebaki ilikuwamo. Amosi alikamatwa, akakiri kwamba alijua mchanga ule ulikotoka.

Damari aliwakutanisha Winfrida na Sostenes kituoni, akasoma maelezo yote kwa sauti. Winfrida alisikiliza huku mkono uko tumboni. Kisha akapiga goti kidogo mbele ya mzee.

"Asante, baba. Mimi na huyu."

Akafuta malalamiko yake papo hapo. Sostenes akalia. Alisema na yeye anashukuru, maana siri ile ilikuwa imemnyima usingizi. Sasa ilibaki aende kwa binti yake Jenifa, amweleze kwa kinywa chake mwenyewe kilichompata mumewe, na hakujua ataanzaje.

"Tutakwenda wote," Winfrida akasema.

Damari akafunga jalada la wizi, akachukua funguo za gari akawapeleka.