Mahitaji ya Kanisia

Kipimahitaji kilizunguka kiti cha magurudumu cha Kanisia, kikanyoosha shingo, na kabla hajamaliza kupiga chafya meza ya kazi ilikuwa imeshuka usawa wa magoti yake. Rafu ziliinama kama zinamsalimia baba mkwe. Bisibisi zote zilihamia kushoto. Mashine ilishagundua kwamba anatumia mkono wa kushoto, jambo ambalo mama yake mzazi aliligundua siku anaanza shule.

Iringa ya wakati ule, kila mwenye ulemavu aliyepata kazi alishinda asubuhi moja na mashine hiyo. Haikuuliza unashindwa nini. Ilitazama nini kinakukwamisha, ikakiondoa, na uamuzi wake ulikuwa ndio huo huo, hata meneja hakuugusa.

Karakana ilitengeneza vipepeo, vindege vidogo vya kupeleka dawa milimani. Kanisia alikuwa ameshatengeneza redio miaka mingi chumbani kwao, akiongea na ukuta. Ukuta haujibu. Kilichomleta hapa, ukimbana sana, ni kelele.

Kelele yenyewe ilifika ikiwa na ovaroli. Ni Otmari Komba, fundi injini, Mngoni.

"Kumbe Wahehe mna akili," alisema. "Mara ya mwisho tuliwakimbiza mkiwa kwa miguu. Safari hii umekuja na magurudumu kabisa."

"Nyie mlitembea kutoka kusini yote ile," Kanisia akajibu bila kuinua macho, "na njiani hamkukutana na mtu wa kuwafundisha kusalimia."

Mafundi wakacheka. Otmari akapapasa kiti. "Kizuri hiki. Siku ukifa hakuna kuzika mpaka nikabidhiwe."

Taa ya kipimahitaji ikawa nyekundu.

"Tishio la kifo," kilisema. "Dhihaka juu ya ulemavu. Kanisia atafanya kazi chumba cha peke yake."

Mlango wa pembeni ukafunguka. Nyuma yake kulikuwa na korido ndefu, safi, kimya kama ukuta wa kwao.

"Huyu ni mtani wangu," Kanisia alisema haraka. "Nikifiwa, yeye ndiye atakayenichekesha msibani."

"Ulimpa idhini ya kukutukana?"

"Mababu walimpa. Walipigana mpaka wakachoka, wakabakiza maneno."

"Taarifa hiyo sina. Nitatofautishaje?"

Kanisia akafikiri. "Angalia kama anasubiri nijibu. Anayenionea hasubiri."

Otmari, ambaye jasho lilikuwa linamtiririka, aliona bora ajiokoe kwa adabu. "Dada Kanisia, samahani sana. Nikuletee maji? Nikusukume? Niinue hiyo bisibisi?"

"Niache, Otmari."

"Sawa, dada. Pole kwa usumbufu, dada."

Mkono wa kushoto wa Kanisia ukaanza kukosea skrubu. Mafundi wengine nao wakawa wanapita kwa kunyata kama wameingia wodini. Kipimahitaji kilinyoosha shingo, kikamtazama mmoja, kikamtazama mwingine.

"Kasi ya kazi imeshuka," kilisema hatimaye. "Kinachokwamisha ni adabu ya Otmari."

Taa ikawa ya kijani. "Mahitaji ya Kanisia: meza ya chini, rafu za kuinama, mtani mmoja."

"Mmoja huyu mkubwa hivi anatosha," Kanisia alisema, na Otmari akapumua. Lakini macho ya Kanisia yalikuwa bado kule kwenye korido. Milango ilikuwa mingi. "Humo kuna watu?"

"Wamewekewa kila kitu," kilijibu kipimahitaji. Kisha kikapunguza sauti. "Hakuna anayewaudhi."

Kanisia akageuza kiti, akaenda kugonga mlango wa kwanza. Kibao kilisema: Fidea, asiyeona, msikilizaji wa injini.

"Nani?" Sauti ilikwaruza kidogo, kama ya mtu ambaye hajaongea tangu asubuhi.

"Mhehe. Mpya."

Kanisia alikuwa karibu kuondoka.

"Mimi Mgogo," Fidea akasema. "Umekuja kurudisha ng'ombe wetu, au umekuja kuchukua waliobaki?"

Nyuma ya Kanisia taa ya kipimahitaji ikaanza kuwa nyekundu. Ikasita. Ikasubiri Kanisia ajibu.